Muzabibu unaoota kwenye changarawe

Sisi watu wa inchi ya shaba tunajua kusoma udongo kwa njia ya majani. Kwenye kilima chenye shaba nyingi miti mikubwa haioti. Utaona majani mafupi, pamoja na yale maua madogo yanayoitwa maua ya shaba. Mahali panabadilisha kile kinachoota.

Kule Ufaransa wakulima wa mizabibu wanasema vilevile tangu zamani. Mu jimbo la Bourgogne, watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka wa 1098, walilima mizabibu kwa karne nyingi. Mashamba ya kule yamegawanyika vipande vidogo, kila kipande na jina lake. Zabibu zinaweza kuwa za aina moja, pinot noir, na pengine ni njia ya miguu tu inayotenga mashamba mawili. Lakini divai zao hazifanani, wala bei hazifanani. Mwaka wa 2015 UNESCO iliandika vipande vile kati ya urizi wa dunia yote.

Hatuandiki hivi ili kumuvuta mutu kwenye chupa. Tunataka kujua ginsi gani Muumba alipanga kazi yake.

Jiwe haliingii mu chupa

Watu wengi wanazani muzabibu unanyonya ladha ya jiwe na kuipeleka mu zabibu. Alex Maltman, profesa wa elimu ya mawe kule Wales, ameeleza kwamba sivyo. Kile mizizi inachotwaa mu mawe ni kidogo sana, ulimi hauwezi kukionja.

Basi ni nini? Gérard Seguin, wa chuo kikuu cha Bordeaux, alichunguza mashamba ya Médoc miaka mingi. Hakuona kwamba udongo wenye chakula kingi ndio unaleta divai nzuri. Aliona kwamba neno kubwa ni maji. Mashamba yenye sifa yalikuwa mara nyingi ya changarawe: mvua inapita upesi, na mizizi inashuka chini sana kutafuta unyevu.

Kisha Cornelis van Leeuwen na wenzake walipima aina 3 za mizabibu kwenye aina 3 za udongo, tangu 1996 mpaka 2000. Waliona kwamba hali ya hewa na udongo vilibadilisha zabibu kupita aina ya muzabibu wenyewe. Tena, sehemu kubwa ya nguvu yao ilipita kwa njia ya maji.

Kazi yake ni hivi. Maji yakiwa mengi, muzabibu unaendelea kutoa matawi na majani, na zabibu zinavimba maji. Maji yakipunguka kwa kipimo, matawi yanaacha kukua. Zabibu zinabaki ndogo, ganda linakuwa nyingi zaidi kwa kulinganisha na maji ya ndani, na rangi na ladha vinakolea. Lakini maji yakikosa kabisa, majani yanakauka na zabibu haziivi. Ni hasara tu.

Wazazi, tusikilize

Kuna wazazi wanaosema: “Acha mutoto ateseke, mateso yatamukomaza.” Muzabibu haukubali neno hilo lote. Ule wa changarawe unazaa vizuri kwa sababu chini kuna unyevu ambao mizizi inaweza kufikia, na kwa sababu mukulima anarudi kila mwaka kukata matawi, kama Yoane 15 inavyofundisha. Muzabibu ulioachwa peke yake unakuwa pori.

Mutoto wa kambi yetu si udongo mubaya. Kuchota maji mbele ya masomo, kuvaa viatu vya kaka yake, kula mara moja siku ambayo mushahara umekawia: hiyo ni changarawe, na wengi walikomaa pale. Lakini kumutoa mu masomo ili aoshe mawe mutoni au abebe mifuko mu karieri, hiyo si changarawe. Ni ukame.

Baba, mama, hatuna uwezo wa kuchagua udongo ambamo watoto wetu wanaota. Maji yao, pale tunapoweza, tusiwanyime. Jioni ya leo muulize mutoto wako alijifunza nini, na uketi karibu naye mpaka amalize kujibu.