Mwandishi wa Arua na Wasomaji Wake

Mwandishi wa Arua au Koboko, miji ya eneo la West Nile nchini Uganda, anaishi kati ya watu wanaosema Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi, Lingala na Kiswahili. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza jalada, inambidi achague lugha ya kuandikia, kwa maana ndiyo itakayoamua nani atamsoma. Kikakwa kinamfikisha kwa jamaa walio ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini na Kongo. Kiswahili kinasikika sokoni na katika kambi za wakimbizi, ila wengi wamekijua kwa sikio, si kwa kitabu. Uganda ilikitambua katika katiba mwaka 2005, na ni mwaka 2022 tu baraza la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Ndiyo maana West Nile kitabu hakina budi kisikike kwanza. Radio Pacis ya Arua, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004, huzungumza na watu kwa lugha zao, Kilugbara na Kikakwa zikiwemo. Mwandishi akipewa nafasi redioni, asiishie kujisifu. Asome kisa kizima, akatize penye utamu, kisha ataje duka kinakouzwa kitabu na bei yake. Baada ya hapo awafuate watu walipo: shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu, kanisani au msikitini baada ya ibada, na hata Chuo Kikuu cha Muni. Kila anayenunua aombwe namba ya simu, ili kitabu kijacho kisianze kutafuta wasomaji upya.

Bei nayo huvuta au hufukuza. David Maillu alilielewa hilo Nairobi miaka ya 1970: alianzisha Comb Books, akachapa vitabu vidogo vya bei nafuu kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya ofisini, vikagombaniwa. Tanzania, Eric Shigongo alijenga jina kwa hadithi za mfululizo magazetini. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na kundi la WhatsApp, sehemu moja kila wiki.

Waandishi wenzake pia ni mtaji. Wanawake waandishi wa Uganda waliunda FEMRITE Kampala katikati ya miaka ya 1990, wakawa wanasomeana miswada na kuchapishana. Arua iko mbali na Kampala, kiasi cha kilomita 500, na hiyo ni sababu tosha ya kuanzisha kikundi hapo hapo mjini. Mwenye muswada na akausome mbele ya wenzake kabla hajamlipa mchapaji.