Sharti la Cauchy na Riemann
Mwaka 1851 kijana wa Kijerumani, Bernhard Riemann, aliwasilisha Göttingen tasnifu iliyolidhihirisha sharti ambalo Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alikuwa amekwisha kulishughulikia: kwamba funksheni, yaani kanuni inayoitwaa namba changamano z, yenye sehemu halisi x na sehemu ya kubuni y, ikatoa u na v, ni analitiki katika eneo fulani iwapo, katika kila nukta ya eneo hilo, kadiri ya mabadiliko yake ni ile ile, tukiijia nukta kwa jiha yoyote.

Sharti hilo, nalo ni zito ajabu, hupimwa hivi: badiliko la u kwa x lilingane na la v kwa y, na la u kwa y liwe kinyume cha la v kwa x, madhali mabadiliko yenyewe hayana mruko. Katika z², u ni x² − y² na v ni 2xy. Twapata 2x kwa 2x, kisha −2y kwa 2y, wala hakuna nukta iliyoasi. Lakini x² + y², ambayo kwa macho ni laini kabisa, yalitimiza sharti kwenye sifuri tu, na kwa kuwa nukta moja si eneo, haiwi analitiki popote. Ama 1/z, yakubalika ndani ya kila duara isiyoizunguka wala kuigusa sifuri.