Fahamu: Joto mahususi hukokotolewaje?

Kila zinapotoka habari za bahari kuzidi kupata joto, wanasayansi hurudia jambo moja: zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada duniani limemezwa na bahari. Siri mojawapo ni joto mahususi la maji, ambalo ni kubwa. Yaani, kilo 1 ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili ipande nyuzijoto 1 ya Selsiasi.

Je, dutu nyingine? Funga uzi kipande cha alumini cha gramu 200, kitumbukize kwenye maji yanayochemka hadi kifike nyuzi 100, kisha kihamishie upesi kwenye kikombe cha povu chenye gramu 200 za maji ya nyuzi 20. Koroga, ukikodolea macho kipimajoto. Tuseme kimetulia kwenye 34. Maji yamepanda nyuzi 14, hivyo yamepokea 0.2 × 4,200 × 14, yaani jouli 11,760. Joto hilo limetoka kwenye alumini, iliyoshuka nyuzi 66. Gawa 11,760 kwa 0.2 × 66, unapata joto mahususi la alumini: takriban 891.

Vitabuni ni karibu 900. Kikombe na hewa vimechukua chao njiani, na kwa vifaa vya mezani jibu hilo si baya hata kidogo.

Wanafunzi wengi huteleza kwenye zile nyuzi: hutumia 14 ya maji hata kwa alumini. Jibu linakuja 4,200, na alumini imeshageuka maji.