Istilahi za Mpira wa Magongo katika Tathmini ya Msimu

Mwaka 1980 timu ya taifa ya Tanzania ya mpira wa magongo ilishiriki katika Michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Ilicheza michezo sita, ikashindwa yote, na katika mmojawapo ilifungwa na India mabao 18 kwa 0. Matokeo hayo yaliweza kutangazwa kwa Kiswahili bila taabu, maana hesabu ya mabao haihitaji istilahi. Lakini mtu ambaye angalitaka kueleza kwa Kiswahili namna mabao hayo yalivyofungwa angalikwama mapema. Kwa muda mrefu mchezo huu ulichezwa zaidi mijini, hasa na watu wenye asili ya Asia, na maneno yake mengi yakabaki ya Kiingereza.

Makala haya yanakusudia kuziangalia istilahi za mchezo huo kwa upande mmoja tu, nao ni ule wa shule inayoketi mwisho wa msimu kuipima kazi ya timu zake za vijana. Ili mjadala usielee hewani, tuchukulie kwamba shule hiyo ipo Gare, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto. Mwalimu wa michezo anawasomea wazazi taarifa yake. Wengi wao ni wakulima; nyumbani husema Kishambaa, na mkutanoni husema Kiswahili. Mwalimu anasema: “Difensi yetu ilikuwa wiki, tukakonsidi penalti kona nyingi.” Mzazi atapiga makofi kwa adabu, huku akijiuliza hiyo wiki ni ipi katika mwezi. Hatajua kama binti yake alicheza vizuri au vibaya, wala kama inafaa amruhusu abaki kiwanjani mwakani badala ya kurudi mapema kusaidia shambani. Uamuzi huo ni wake, naye amenyimwa maneno ya kuufanyia.

Maneno mawili ya kwanza tayari tunayo. Msimu limetokana na neno la Kiarabu mawsim, na katika mwambao lilihusu majira ya pepo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Mkulima wa Gare hana jahazi, lakini anayo masika na vuli, kwa hiyo hahitaji kufafanuliwa kwamba msimu una mwanzo, una mwisho, na hurudi. Tathmini nalo lina asili moja na thamani. Mwalimu anayetaja tarehe za michezo na idadi ya mabao ametoa taarifa. Hajatathmini mpaka aseme kila jambo lilikuwa na thamani gani.

Jina la mchezo wenyewe limeundwa kwa kanuni iliyokwisha kuzaa matunda: mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa pete, mpira wa mikono. Kila mara kinatajwa kitu ambacho mtazamaji hukiona kwanza. Magongo yanaonekana, jina linafaa. Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba gongo ni mti mnene ulionyooka, ilhali chombo cha mchezo huu kimepinda nchani, kikikaribia zaidi upembo au ngoe ya kuangulia matunda. Pingamizi hili ni la kweli lakini halina nguvu, kwa kuwa jina limekwisha kuzoewa, na istilahi iliyozoewa haing'olewi kwa sababu ya pembe ya mti. La pili huwachekesha watu: gongo ni jina la pombe haramu pia. Hata hivyo jina la pombe halina wingi. Hakuna anayekunywa magongo.

Sehemu za gongo zinahitaji uangalifu zaidi. Panaposhikwa paitwe mpini, kama wa jembe, na hakuna mtu wa Gare atakayeuliza maana yake. Upande wa kushoto ni bapa, na ndio pekee unaoruhusiwa kuugusa mpira. Huo tuuite uso wa gongo. Upande wa pili ni wa mviringo, na kuupiga mpira kwa upande huo ni kosa. Wengine watapenda kusema mgongo wa gongo, lakini mwamuzi atakayelitamka hilo mara tatu huku akikimbia atakuwa na ulimi wa pekee. Mimi napendekeza kisogo: penye uso pana kisogo, na kosa litaitwa kosa la kisogo.

Jambo gumu kuliko yote ni eneo lililo mbele ya lango. Bao halihesabiwi isipokuwa mpira umeguswa na gongo la mshambuliaji ndani ya eneo hilo. Kiingereza huliita duara, ingawa si duara hata kidogo: ni robo mbili za duara zilizounganishwa kwa mstari mnyofu. Tukiitafsiri lugha hiyo neno kwa neno, mwalimu wa hisabati atakuwa na haki ya kulalamika. Eneo la kufungia ni jina refu kidogo, lakini linaitaja kazi yenyewe.

Kutokana na eneo hilo huja kona ya adhabu. Mshambuliaji huusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, umbali usiopungua meta 10 kutoka mwimo wa lango. Walinzi wasiozidi watano, pamoja na mlinda lango, husimama nyuma ya mstari huo, na wenzao hungoja ng'ambo ya mstari wa kati. Mpira hauna budi kwanza utoke nje ya eneo la kufungia ndipo ulengwe langoni. Wako wanaosema kona fupi; jina hilo linaonyesha mahali, halionyeshi sababu. Ama pigo la meta 6.40, ambapo mpigaji humkabili mlinda lango peke yake, liachwe liitwe penalti. Neno hilo limekwisha kupanda milima yote kwa miguu ya kandanda, na kulibadilisha ni kujitafutia kazi.

Kosa moja la muundo halina budi kutajwa. Siku hizi husikika “tumepoteza mchezo”. Anayepoteza kitu huweza kukitafuta. Kwa Kiswahili tumeshindwa, au tumefungwa; nguvu zikilingana tumetoka sare, na pasipo bao lolote tumetoka suluhu.

Kwa maneno haya mwalimu wetu wa Gare angeweza kusema hivi: “Timu ya wasichana ilifungwa mabao mengi kwa kona za adhabu, kwa sababu walinzi walifanya makosa ya kisogo ndani ya eneo letu la kufungia. Walipofundishwa kuugeuza uso wa gongo mapema, makosa yalipungua, na mchezo wa mwisho tulitoka suluhu.”

Bado halijapatikana neno la pigo lile ambalo mchezaji huukokota mpira kwa gongo kisha akaubetua langoni kwa mwendo mmoja. Kukokota na kubetua, kila moja limekwisha kuwa na kazi yake, na kuyaunganisha mawili kunaleta neno lisilotamkika. Wasomaji wanaoucheza mchezo huu wanaombwa watuandikie wanavyolisema kiwanjani.