Kodiani ya Nakuru Bado Yapumua

Mpwani akitajiwa kodiani, mara moja humjia akilini kikundi cha taarab. Huona safu ya fidla, kanuni imelazwa mapajani, udi, nai, na dumbaki pembeni. Miongoni mwao yupo bwana mmoja aliyeketi kitini, amekumbatia kodiani yake, akiifungua na kuifunga taratibu huku akijibizana na fidla. Ndivyo tulivyoizoea Unguja katika Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na katika Culture Musical Club kilichozaliwa mwaka 1958. Kodiani katika taarab ni mmoja katika jamaa. Huchangia neno lake, kisha hunyamaza akawapisha wenziwe.

Basi msomaji na apande bara pamoja nami. Tupite Nairobi, tuteremke ukingo wa Bonde la Ufa, tupite Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, mji ulioanza kama kituo cha reli mwaka 1900 na uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Nao una mtaa wake wa Bondeni, kama Mombasa. Huko tutaikuta kodiani ile ile, lakini ina cheo kingine kabisa. Haina fidla wala kanuni wala udi wa kuisaidia. Imesimama peke yake, na shughuli nzima imeibeba begani.

NGOMA YA HATUA MBILI

Ngoma inayochezwa kwa kodiani huko huitwa mwomboko, nayo ni ya Wakikuyu. Chimbuko lake ni wilaya za kati ya Kenya, lakini ilivuka milima pamoja na watu wake, ikaota mizizi katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Nimeitazama mara kadhaa katika viunga vya Nakuru, upande wa Bahati na Njoro, hasa kwenye karamu za mahari ambazo wenyewe huziita ruracio. Vyombo ni viwili tu. Cha kwanza ni kodiani. Cha pili ni karing'aring'a, yaani pete kubwa ya chuma inayoshikwa kwa mkono mmoja na kugongwa kwa kipande cha chuma kwa mkono wa pili. Asiyeizoea anaweza kuidharau, lakini mimi sauti yake ilinikumbusha pembe zinazogongwa na akina mama wetu katika vugo. Kazi ni moja: kuwashika wachezaji wasipotee njia. Kodiani ikipamba na kuzungukazunguka, chuma husema neno lile lile moja, na miguu hulifuata.

Mpigaji kodiani ndiye mwimbaji pia. Hukaza sauti juu ya kinanda chake, akawataja wenye shughuli, akawasifu wakwe, akamchokoza kidogo mzee anayechelewa kuinuka. Wachezaji husimama wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakatazamana na kushikana. Huenda hatua mbili, kisha hujipinda na kugeuka, halafu wakaanza tena. Ukiwatazama kwa mbali utasema ni rahisi. Ukitazama magoti yao utajua kwamba kuna elimu hapo.

Kwa desturi zetu, ambapo akina mama wana vugo na lelemama yao na wanaume wana ngoma zao, uchezaji wa namna hii utawashangaza baadhi ya wasomaji. Kila watu na ada zao. Nilichokiona mimi kilikuwa zaidi ni wazee wenye mvi, mabwana waliovaa koti na kofia na bibi zao waliojitanda shuka mabegani, wakicheza kwa utulivu na heshima, na vijana wakiwapisha uwanja.

ILIVYOFIKA

Kodiani ni mgeni Afrika, na hata kwao si mzee sana. Cyrill Demian alipata hati ya kuimiliki huko Vienna, Austria, mwaka 1829, hivyo mwaka 2029 itatimiza miaka 200. Baadaye Waitaliani wa mji wa Castelfidardo waliifanya kazi ya mji mzima, na kampuni ya Hohner ya Ujerumani, iliyokuwa imejulikana kwa vinanda vya mdomo, ikaanza kutengeneza kodiani mwaka 1903. Tangu hapo chombo hiki kilitembea duniani mikononi mwa mabaharia, wanajeshi, wamishonari na walowezi.

Kwa Wakikuyu kiliingia wakati wa ukoloni, na mwomboko wenyewe ukashamiri katika miaka ya 1930 na 1940. Wengi husimulia kwamba vijana waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, waliona dansi za Waingereza na Waskoti, wakarudi nazo na kuzigeuza. Jambo hilo halipasi kumshangaza mtu wa pwani. Sisi pia tulikuwa na beni, na Mombasa na Lamu vyama vya Kingi na Skochi vilishindana kwa gwaride, sare na matarumbeta. Mzungu alileta chombo. Mswahili na Mkikuyu kila mmoja akakifanyia chake.

Na tazama jina. Wakikuyu huiita kodiani kinanda. Wajaluo, ambao nao waliipenda mno, huiita onanda. Neno hilo ni letu. Kabla kodiani haijazaliwa, Waswahili walikuwa wakiita kinanda kile chombo cha nyuzi kilichopigwa Lamu na Mombasa katika sherehe za wakubwa. Neno likapanda bara, likakutana na sanduku la Mjerumani, likalivaa.

WALIPOHAMISHWA, NAYO ILIHAMA

Ili kuelewa kwa nini kodiani ilikita Nakuru, lazima msomaji ajue ni watu gani waliokaa huko. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita maelfu ya Wakikuyu walikwenda Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Walipewa kipande cha kulima na kuchungia, lakini ardhi haikuwa yao. Mwaka 1941 baadhi yao walipelekwa Olenguruone, magharibi ya Nakuru, na kabla ya mwaka 1950 kwisha walikuwa wamekwisha fukuzwa huko pia kwa kukataa masharti ya serikali.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa mashambani na kurudishwa katika maeneo ya kwao, ambako wengi wao hawakuwa na hata kiwanja. Mikutano ilizuiwa, na watu wakawekewa saa za kutotoka nje. Ngoma itachezwa vipi usiku ambao mtu haruhusiwi kufungua mlango? Tena serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu ya zamani na nyimbo za Wakikuyu. Tangu mwaka 1930 ilikuwa imepiga marufuku muthirigu, wimbo uliowakejeli wamishonari na machifu. Mwimbaji anayebuni maneno papo hapo, mbele ya watu waliokusanyika, hakuwa mtu wa kuachiwa hivi hivi.

Baada ya Uhuru wa 1963 wengi walirejea Bonde la Ufa. Walinunua mashamba kwa vyama na makampuni, au walipewa makazi katika mipango ya serikali. Lakini mambo hayakutulia moja kwa moja. Mwaka 1992 palizuka mapigano Molo, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu ya watu walijikuta wakilala katika kambi kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru.

Nayasimulia haya kwa sababu mimi huona siri ya kodiani imo humo. Mtu anayehamishwa hachukui kila kitu. Lakini kodiani ndogo ya vifungo huingia katika gunia, na huvaliwa begani kama mtoto. Haihitaji umeme, wala haihitaji wenzi kumi. Mtu mmoja na chuma kimoja, mahali popote palipo uwanja, na kijiji kimekwisha simama tena.

Thamani hiyo waliijua pia watu wa tamthilia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, na mwenziwe Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuingiza mwomboko katika mchezo wao wa Kikikuyu Ngaahika Ndeenda, ulioanza kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Oktoba 1977. Mwezi uliofuata serikali iliufutia kibali, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini.

HALI YA SASA

Leo kodiani haifukuzwi na mtu, lakini ina mashindano. Usiku wa Nakuru ni wa mugithi. Neno hilo maana yake ni gari moshi, kwa kuwa wachezaji hushikana kiunoni mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa. Mugithi hupigwa kwa gitaa na kinanda cha umeme, na mtu mmoja huweza kuwachezesha watu hadi alfajiri. Kijana anayetafuta riziki haraka hununua gitaa.

Hata hivyo kodiani imepata makao yake mapya. Huitwa katika ruracio, katika harusi, katika sherehe za wazee, na wanasiasa nao huipenda inapofika zamu ya kuwafurahisha wapiga kura wenye umri. Redio za Kikikuyu, zilizoanza kusikika mwaka 2000, zimezirudisha hewani nyimbo za zamani. Mwaka 2010 kampuni ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mkusanyo wa historia ya muziki wa Kikikuyu pamoja na sauti na picha, ili wanaokuja wasikute ukurasa mtupu.

Tatizo liko ndani ya sanduku lenyewe. Kodiani hutoa sauti kwa ndimi ndogo za chuma zinazotikiswa na upepo wa mivukuto. Katika aina ile ya vifungo, kifungo kimoja hutoa sauti moja ukiivuta na sauti nyingine ukiisukuma. Ndiyo maana mpigaji wa mwomboko huonekana kama anapigana mieleka na kinanda chake. Ulimi mmoja ukivunjika, neno moja limetoka katika lugha. Ukipoteza lahani, fundi huukwangua: akikwangua ncha, sauti hupanda, akikwangua shina, sauti hushuka. Kwa ufundi huo huo mafundi wa Misri walizirekebisha kodiani zitoe robo sauti zinazotakiwa na maqam za Kiarabu. Ni kazi ya mkono mwepesi na sikio kali, na haifundishwi kwa siku mbili.

Nilizungumza na wapigaji wawili watatu huko Nakuru. Wote walilalamikia jambo moja: wanaojua kupiga ni wachache, na wanaojua kutengeneza ni wachache zaidi. Mivukuto hupasuka ikazibwa kwa gundi na ngozi. Kodiani iliyokufa hufunguliwa ikatolewa ndimi zake, zikapewa iliyo hai. Mzee mmoja alinieleza kwamba wanawe wote wanapenda kumsikiliza, lakini hakuna hata mmoja aliyeomba kufundishwa.

NA SISI JE?

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Kodiani haipasuki, huvuja pumzi kidogo kidogo, na wenyewe hawana habari mpaka siku wanapoivuta ikawa kimya.

Sisi wa pwani tusiitazame Nakuru kwa macho ya wageni. Taarab ya kisasa, iliyotamba tangu miaka ya 1990, iliiweka kodiani kando pamoja na fidla, ikachukua kinanda cha umeme kinachojua kuigiza sauti zote bila kuwa chochote kati ya hivyo. Zanzibar ilipata dawa mwaka 2002 kwa kufungua chuo cha muziki cha Dhow Countries, ambako mafundi wa taarab hukaa na wanafunzi na kuwarithisha vyombo. Hata chuo hicho mwaka 2019 kilitangaza kwamba kinakabiliwa na kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Kama chenye jengo na walimu hutetereka, mzee wa Bahati mwenye kodiani moja na gundi ana matumaini gani?

Yapo mambo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwamba kaunti ya Nakuru, yenye vijana wengi na mafundi hodari wa vyuma, iwape wazee hao wanafunzi, si wa kupiga tu bali na wa kutengeneza. Kuchonga ulimi wa chuma si kazi ngumu kuliko nyingi zinazofanywa kila siku na mafundi wa jua kali. La pili ni letu. Lamu ina tamasha lake la utamaduni, na Unguja ina Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Waandalizi na wamwalike mpigaji mmoja wa mwomboko kutoka Nakuru, aje na karing'aring'a yake, aketi jukwaani ubavuni mwa mpigaji kodiani wa taarab. Mmoja apige akisimama, wa pili akiwa kitini. Wasibadilishane hotuba, wabadilishane vifungo, mafundi na ndimi za akiba. Hiyo itakuwa zawadi kubwa kuliko makofi.