Sili Haifi Bure

Mitambo mikongwe haizeeki sawasawa. Trekta la kijiko lenye miaka 30 injini yake inaweza kuwa bado inawaka vizuri asubuhi, giaboksi inaingia bila kelele, lakini kijiko kikiinuliwa kikaachwa hewani kwa muda wa kunywa chai, dereva akirudi anakikuta kimeshuka hadi usawa wa magoti. Shingoni mwa silinda kuna oili iliyogandamana na vumbi. Kazi bado inafanyika, ila kila jioni ndoo ya oili inapungua.

Katika mji kama Mitundu, kusini mwa Itigi, hapo ndipo hesabu inapoanza. Vipuri viko Singida, Dodoma au Dar es Salaam. Fundi wa haidroliki akiitwa kutoka mjini atadai nauli, malazi na posho ya siku zote. Kwa hiyo mwenye mtambo hufungua silinda mwenyewe chini ya mti, kwa spana alizonazo. Naunga mkono uamuzi huo. Silinda ya haidroliki haina siri nyingi: bomba la chuma, pistoni ndani yake, shafti iliyopakwa kromu, kifuniko cha shingo, na sili chache za mpira au plastiki ngumu. Fundi makini anaimudu. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa sababu moja: wanabadilisha sili bila kuuliza ni nini kilichoiua ile ya kwanza. Baada ya wiki chache mpya nayo inavuja, na lawama zinakwenda kwa muuza duka kwamba aliuza bidhaa feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi sili ile ilipewa kazi isiyoweza kudumu nayo.

Swali la kwanza ni kama ugonjwa uko kwenye silinda kabisa. Hapa inafaa kwenda polepole, maana mafundi wazuri hupotea hapa. Tuchukue silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na shafti ya milimita 60. Uso wa pistoni upande wa chini una sentimita za mraba 78.5. Upande wa pili shafti imekula sentimita 28.3, zimebaki kama 50. Pampu ikileta shinikizo la bar 200, silinda hiyo itasukuma kwa nguvu ya tani 16 hivi, lakini itavuta kwa tani 10 tu. Ndiyo maana silinda ya kazi nzito hupangwa isukume.

Sasa sili ya pistoni ikatike. Wengi husema oili itapita pistoni na mzigo utashuka hadi chini. Tazama vizuri kinachotokea ndani. Mzigo unaokandamiza silinda unataka kuingiza shafti, na shafti ikiingia inahitaji nafasi ambayo tayari imejaa oili. Kama valvu inayoongozwa na liva imefunga sawasawa, oili inaweza kuvuka kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda wa pili, lakini jumla yake haina pa kutokea. Mzigo utashuka kidogo, kisha utasimama. Tatizo ni kwamba kuanzia hapo unabebwa na eneo la shafti peke yake, yaani sentimita 28 badala ya 78. Mzigo wa tani 10 uliokuwa ukileta bar 125 sasa unaleta karibu bar 350. Paipu iliyochoka inapasuka, sili ya shingoni inasukumwa nje, na mwenye mtambo ananunua paipu na sili ya shingo huku mkosaji amekaa salama kwenye pistoni.

Maana yake ni hii: silinda inayokandamizwa na mzigo ikiendelea kushuka bila kusimama, na hakuna oili inayoonekana nje, ishuku valvu kwanza. Huenda imelika, na oili inarudi tangini kimyakimya. Silinda inayovutwa na mzigo ni habari nyingine. Yenyewe ikikatika sili ya pistoni itateleza hata kama valvu ni nzima, kwa sababu nafasi inaongezeka ndani badala ya kupungua.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Silinda inyooshwe hadi mwisho wake, kijiko kikiwa kimelala chini. Injini izimwe, liva zichezeshwe huku na huku ili shinikizo lililobaki litoke, na kifuniko cha tangi kifunguliwe taratibu. Paipu ya upande wa shafti ifunguliwe na kuzibwa kwa plagi ya chuma, si kwa kitambaa, na chombo kiwekwe chini ya tundu la silinda lililoachwa wazi. Kisha injini iwashwe, watu wakae pembeni, na liva isukumwe kwa upande wa kunyoosha, ambao tayari umefika mwisho. Oili ikitiririka mfululizo kutoka kwenye tundu, imevuka pistoni. Isipotiririka, usiifungue silinda. Nenda kwenye valvu.

Kuhusu usalama nitasema bila kulainisha maneno. Mtu asiingie chini ya kijiko, mkono wa mtambo au bodi ya tipa iliyoshikiliwa na oili peke yake, hata kwa dakika moja ya kufungua nati. Kila kitu kilazwe chini, au kiegemezwe kwa chuma au magogo yanayoweza kubeba uzito wote. Jambo la pili linajulikana kidogo zaidi: paipu yenye tundu dogo kama la sindano hutoa oili kwa kasi inayopenya ngozi. Jeraha linaonekana kama mchomo wa mwiba, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaendelea na kazi. Ndani ya saa chache nyama inaanza kufa. Huyo anahitaji upasuaji siku hiyo hiyo, na kwa mtu wa Mitundu hiyo inamaanisha kuianza safari ya hospitali ya St. Gaspar pale Itigi mara moja, bila kusubiri kuona kama uvimbe utapungua. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha boksi. Vidole vikae mbali. Tatu, pistoni iliyogoma isitolewe kwa upepo wa kompresa, kwani inaweza kuruka kama risasi, wala silinda isipashwe moto matundu yake yakiwa yamezibwa.

Silinda ikishafunguliwa na kuoshwa kwa dizeli safi, kishawishi ni kutupa sili za zamani na kukimbilia kufunga mpya. Zihifadhi. Zipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka, zisome.

Sili yenye mikwaruzo ya kwenda na kurudi inaeleza habari ya vumbi. Nje kabisa ya shingo kuna sili nyembamba inayofuta shafti kila inapoingia. Ni ya bei ndogo kuliko zote, na kwa ukanda wa Itigi hadi Rungwa wakati wa kiangazi ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa sababu ikichakaa kila mzunguko unaingiza mchanga ndani. Mchanga huo hauishii kwenye silinda moja. Unasafiri na oili hadi kwenye pampu na valvu, ambako nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo kuliko chembe ambayo jicho linaiona. Sili iliyolika upande mmoja inashtaki shafti iliyopinda, au pini na bushi zilizolegea hadi silinda inasukuma kwa mshazari. Hapo kubadilisha sili bila kugusa bushi ni kutupa fedha. Iliyokauka na kupasuka imeungua: oili ilikuwa chache tangini, au kipoza oili kimeziba kwa vumbi na mbegu za majani. Iliyovimba na kulegea imelishwa kitu kisicho chake. Naliona hili kuwa kosa la kusikitisha kuliko yote, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema: oili imepungua porini, mtu akaongeza oili ya breki. Oili ya breki ya kawaida huharibu mpira wa naitrili unaotumika kwenye mifumo ya oili ya madini. Chupa moja inaweza kugharimu sili za mtambo mzima.

Ukanda huu wa kati umewahi kuona kosa la kubadilisha kipuri bila kutafuta chanzo likifanywa kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, mashariki mwa Itigi kukiwa na Kongwa na magharibi Urambo. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mizizi ya vichaka na udongo unaokakamaa wakati wa jua vilizivunja mashine hizo kuliko karakana zilivyoweza kuzitengeneza. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Makosa ya mpango ule yalikuwa mengi, lakini upande wa mitambo jambo lilikuwa wazi: vipuri vilikuwa vikibadilishwa huku chanzo cha kuvunjika kikiwa bado ardhini.

Turudi mezani. Vipimo vichukuliwe kwa venia kalipa kutoka kwenye mifereji ya chuma ambamo sili hukaa, kwani sili ya zamani imeshavimba au kusinyaa na itadanganya. Mitambo mingi ya zamani ya Uingereza na Marekani imetengenezwa kwa inchi, ya Japani kwa milimita. Oringi inayokaribia kufanana haitoshi. Mwenye duka apelekewe kipenyo cha shafti, kipenyo cha bomba, na upana na kina cha kila mfereji, vikiwa vimeandikwa. Karatasi hiyo ina kazi kuliko jina la mtambo, hasa silinda ikiwa imeshabadilishwa na mtu mwingine miaka iliyopita.

Shafti ndiyo inayoamua kama kazi itabaki kijijini. Alama ndogo iliyochomoza inaweza kulainishwa kwa jiwe la kunolea lenye oili mpaka ukucha usikwame. Kromu iliyobanduka ni jambo jingine. Tabaka lake ni jembamba sana, mara nyingi vipande vya mia vya milimita, na likishatoboka kutu hutambaa chini yake. Msasa hautasaidia. Shafti hiyo iende kwa fundi mwenye kerezo akatengeneze nyingine kutoka kwenye chuma kilichokwisha kupakwa kromu, au irudishiwe kromu mjini. Shafti nyingi huharibika mtambo ukiwa umeegeshwa msimu mzima wa mvua zikiwa zimechomoza nje. Zilizoweza kuingizwa ndani ziingizwe, zilizobaki zipakwe grisi.

Wakati wa kufunga, sili ngumu za plastiki zilainishwe kwa maji ya moto, zikaushwe na kupakwa oili. Nyuzi za shafti zifunikwe zisikate mdomo wa sili, na mdomo huo utazame upande wenye shinikizo. Ile ya vumbi tu ndiyo inayotazama nje. Halafu injini ikiwa chini, silinda inyooshwe na kurudishwa taratibu mara kadhaa bila kugonga mwisho, hadi hewa itoke. Hewa iliyobaki ikibanwa ghafla hupata joto la kuunguza sili mpya siku ya kwanza.

Baada ya siku chache za kazi, filta ya oili ya haidroliki ifunguliwe na kukatwa. Vipande vyeusi vya mpira ni mabaki ya sili ya zamani. Chuma kinachonata kwenye sumaku kinatoka kwenye bomba, shafti au pampu. Unga wa rangi ya shaba unaelekeza kwenye bushi za pampu, na ukiwa mwingi, fedha iliyotengwa kwa silinda ya pili ipelekwe kwenye pampu kwanza.