Marini Bodi Tandale: Ununue, Ukodi, au Ubaki na Mbao?

Anayejenga Tandale siku hizi anajenga kwenda juu, maana pembeni hakuna pa kwenda. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati inavunjwa nusu, zinasimamishwa nguzo, na mwenye nyumba anaanza kuulizia zege la ghorofa. Nondo atazipatana mpaka mwenye duka achoke. Bei ya saruji anaijua kuliko ya unga. Kinachomshtua ni vile vitu ambavyo havitabaki kwenye nyumba: mirunda, misumari na mbao za kufungia zege. Fundi akimwambia, "Mzee, tutafute marini bodi kumi na nane," anakimbilia dukani na pochi wazi.

Fundi hajakosea idadi. Bodi moja ni futi 4 kwa 8, chini kidogo ya mita 3 za mraba. Slabu ya mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48, kwa hiyo bodi 17 zinaifunika chini na ya 18 ni ya kuziba mapengo. Pembeni na kwenye mabimu watapiga mbao za kawaida. Cha kujiuliza ni kama lazima bodi hizo ziwe zako.

Bei hupanda na kushuka, na ya Buguruni si ya Manzese. Namba zifuatazo ni za kupigia hesabu tu. Weka za dukani kwako uone jibu linaangukia wapi. Tuseme bodi nzuri ya milimita 18 ni shilingi 70,000, hafifu ni 50,000, ubao wa paini wa inchi 1 kwa 8 wenye futi 12 ni 10,000, na kukodi bodi moja kwa kazi nzima ni 15,000.

Mbao nne za namna hiyo zinafunika karibu sawa na bodi moja, yaani 40,000, na machoni zinaonekana rahisi. Lakini paini hunywa maji ya zege, hupinda ikianikwa juani, na vichwa vyake hupasuka kwa misumari. Ukiimwagia mara tatu umepata bahati, na kila mara imekugharimu kama 13,300. Bodi hafifu ikifa baada ya mara nne ni 12,500 kwa kila mmwago. Bodi nzuri ikifika mara kumi ni 7,000. Na mara kumi si ndoto kwa bodi ya gundi imara iliyotunzwa; zile za mti wa betula kutoka Finland huenda makumi ya mara.

Hesabu hiyo ni tamu, ila ni ya mkandarasi. Wewe unamwaga mara moja. Ukinunua bodi 18 nzuri umetoa 1,260,000; ukifanikiwa kuziuza nusu bei, 630,000 imekwenda. Mbao 72 ni 720,000, na hata zikirudisha nusu kwa kuuzwa au kugeuzwa jukwaa la kupigia plasta, umepoteza 360,000. Kukodi ni 270,000, na hakuna mzigo wa kulinda usiku uchochoroni. Kwa slabu moja, kodi. Kununua kunaanza kulipa kwenye mmwago wa tano, kwa hiyo kunamfaa fundi mwenye kazi mfululizo, au ndugu watano wanaojenga kwa zamu na kuaminiana.

Kukodi nako kuna mtego, nao uko kwenye siku. Wapo wanaokodisha kwa kazi na wapo wanaokodisha kwa siku. Boksi za nguzo unaweza kuzifungua hata kesho yake, lakini chini ya slabu zege halina haraka. Kama huna mhandisi wa kukuambia vinginevyo, mirunda isiguswe kabla ya wiki mbili, na chini ya bimu kaa zaidi. Anayelipa kwa siku ataanza kumsukuma fundi siku ya tano, na fundi wa kusukumwa hupatikana. Patana bei ya kazi nzima, hata ikiwa juu kidogo. Kumbuka slabu ya sentimita 15 inaweka zaidi ya tani moja ya zege bichi juu ya kila bodi, hata kabla ya mtu wa toroli kupanda. Ndiyo maana bodi ya milimita 12, ambayo ni nafuu, huishia kula mbao: inadai mihimili ya chini ikaribiane, la sivyo dari linatoka na matumbo. Na bodi yoyote ile, urefu wake ukatize mihimili hiyo. Huko ndiko iliko na nguvu.

Kabla ya kusaini chochote, zihesabu mbele ya mwenyewe, zipige picha pande zote mbili, na mwulize bodi iliyokatwa inalipwaje. Wengine hudai bei ya bodi mpya kwa kila iliyoguswa na msumeno. Ni haki yao, mradi uliambiwa mapema.

Hapo ndipo utunzaji unapoingia mfukoni mwako. Bodi ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, juu zimefunikwa karatasi iliyoshibishwa gundi ngumu, ile ngozi nyeusi au kahawia inayoteleza. (Rangi haikuambii ubora.) Maji hayapiti kwenye ngozi, yanapita ubavuni na kwenye matundu ya misumari. Tandale madhara huanza hata kabla ya zege. Kirikuu inaishia barabarani, na bodi ya kilo 30 na ushei inabebwa na watu wawili kwenye kichochoro ambamo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kila kona ya nyumba inakula pembe ya bodi. Pembe iliyochubuka ikilowa, tabaka zinafumuka kama kurasa za daftari lililonyeshewa, na bodi hiyo haitakaa tena sawa na mwenzake. Waambie wapagazi waibebe kwa wima, na wasiitue kwa pembe.

Ukilazimika kukata, tumia msumeno wa meno madogo, kisha paka ubavu uliokatwa rangi ya mafuta mara mbili siku hiyo hiyo. Kopo dogo linatosha bodi zote. Misumari iwe michache, na matundu yake yazibwe kabla ya kazi nyingine. Anayeshika vaibreta asiiache ikigota kwenye bodi. Inachimba ngozi kwa sekunde chache.

Oili chafu ya gereji ndiyo mafundi wengi wanayopaka ili zege lisishike. Inafanya kazi, na ni bei ya bure. Lakini inatia dari madoa, inazuia plasta kushika, ikidondokea nondo inapunguza mshiko wake na zege, na mikono ya saidia fundi inakaa humo kutwa nzima. Mvua ya masika ikija inasombwa hadi Mto Ng'ombe, ambao mafuriko yake Tandale inayajua vizuri. Mafuta maalumu ya kazi hiyo yanauzwa kwa wauza kemikali za ujenzi, na hayapakwi mengi: utando mwembamba kwa kitambaa, kabla ya nondo kupangwa. Yakituama umezidisha.

Siku ya kufungua, usiruhusu mtalimbo upenye kati ya bodi na zege. Kabari za mbao zinatosha, na mtu wa chini aipokee. Bodi inayoangushwa toka juu inavunjika pembe na inaweza kumvunja mtu. Isafishwe hapo hapo, kwa kipande cha mbao au plastiki na brashi ya nailoni. Brashi ya waya inaimaliza. Ikaushwe kivulini, ilazwe juu ya vipande vya mbao, ngozi kwa ngozi, turubai juu, hewa ipite pembeni. Ukiiegemeza ukutani wiki nzima itapinda, na mwenyewe ataiona akiwa bado yuko barabarani.

Kama bado unataka kununua, tazama ubavu: mashimo kati ya tabaka ni dalili mbaya. Omba kipande kilichobaki, kichemshe jikoni saa kadhaa. Gundi hafifu itaachia. Gundi ya finoliki itavumilia. Muuzaji anayekataa kukupa kipande amekujibu. Na usilipie ulaini usioutaka: kama dari utalipiga plasta, ulaini wa bodi ni kero, maana fundi atalazimika kulitindua au kulipiga rasharasha ili plasta ishike. Ulaini unalipa pale utakapoacha zege lenyewe na kupaka rangi tu.

Fomu za chuma zinadumu kuliko vyote, lakini ni za miradi mikubwa. Kuzipitisha vichochoroni ni kazi ya siku nzima na kelele. Kwa mfuniko wa shimo la choo, linta au kibaraza, mabanzi au nusu ya bodi iliyotumika inatosha kabisa.

Na bodi iliyochoka haikosi mteja. Wenye mabanda ya kuku huitafuta, wenye vibanda vya kuuzia vocha pia. Mama ntilie akiitaka kwa meza, mwulize kwanza fundi ilipakwa nini. Kama ni oili chafu, mwambie ukweli na umuuzie mwenye kuku iwe ukuta wa nje.